Mgeni Rasmi wa Kundi Namba 4417

Nchi yetu ina amani. Naanza na hilo kwa sababu kila andiko linalozidi kurasa mbili lazima lianze na hilo, kwa mujibu wa Kanuni ya Tisa, na mimi ni mtu wa kufuata kanuni. Jina la nchi sitalitaja. Si kwa woga. Jina limesajiliwa, na kulitumia bila kibali katika sentensi yenye neno "lakini" ni kosa.

Mtandao tunao, tena wa kasi. Huondoka wakati wa uchaguzi, wakati wa mitihani, wakati wa maandamano, wakati wa sherehe za kuzuia maandamano, na siku ya kuzaliwa ya Mheshimiwa Waziri, ambaye hapendi kutumiwa salamu na watu asiowajua. Siku zilizobaki upo, isipokuwa ukiwa haupo. Taarifa ya kuzimwa hutolewa mapema kwa wananchi wote, kupitia mtandao, saa moja baada ya kuzimwa.

Waziri huyo ni wa Mawasiliano na Utulivu. Alipokuwa akizindua Sheria ya Maongezi Mema alisema maneno ambayo tuliagizwa kuyakariri. "Wapo wanaodai kwamba hapa hakuna uhuru wa kusema. Huo ni uongo, na waliousema wamekwisha kuhojiwa. Uhuru wa kusema upo tele, ndugu wananchi! Tunachokisimamia sisi ni uhuru wa kusikika." Makofi yalipigwa kwa dakika nne, kama ratiba ilivyoelekeza.

Sheria yenyewe ilikuwa nyepesi. Kundi lolote la simu lenye watu zaidi ya watano lilitakiwa lisajiliwe, lipewe namba, na lipokee Msomaji wa Serikali, atakayekaa humo kimya akisoma kila kinachoandikwa. Watu walizoea haraka. Jirani yangu alikuwa na kundi la familia, yeye na mkewe na watoto wanne. Walizidi mtu mmoja. Wakakaa kikao wakamtoa mtoto wa tatu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa hapendi kuandika. Sasa wakimhitaji humwita kwa kugonga ukuta.

Mimi nilikuwa na stashahada ya ukutubi na miaka mitatu ya kukaa nyumbani. Nikaona tangazo gazetini: WANAHITAJIKA WASOMAJI. Nikasema moyoni, Lwitiko, hatimaye serikali imefungua maktaba. Nikapaka viatu rangi, nikaenda.

*

Tulikuwa Wasomaji kumi na wawili katika chumba kimoja, ghorofa ya tatu. Feni ilikuwa moja na ilielekezwa kwenye mlango wa Mkurugenzi, Bwana Kalokola, ili akitoka asipatwe na joto la ghafla. Kila mmoja alipewa simu, kiti, na bunda la Fomu ya Hisia. Fomu ilikuwa na safu tatu: Furaha, Manung'uniko, na Kinyongo Kisichosemwa. Safu ya tatu ndiyo iliyotutoa jasho. Mwenzangu mmoja, aliyekuwa anasoma kundi la walimu wa hesabu, alijaza safu ile peke yake kwa mwaka mzima mpaka akapandishwa cheo.

Kulikuwa pia na mwongozo wa emoji. Uso unaolia uliruhusiwa mara mbili kwa kila mfiwa, na wa tatu ulihesabiwa kuwa ni kuchochea huzuni ya umma. Uso unaocheka uliruhusiwa baada ya kichekesho tu, na kichekesho kilitakiwa kitangulie kwa muda usiozidi dakika tano.

Tulikula kiapo. Msomaji hana mdomo. Haandiki, haitikii, hacheki, hatoi pole. Kifungu cha Kumi na Nne kilisema wazi kwamba, kwa makusudi ya Sheria hii, Msomaji si mtu bali ni hatua ya kiufundi. Nilikisoma mara mbili, nikatia sahihi. Nilikuwa nimekaa bila kazi miaka mitatu, na hatua ya kiufundi hupata likizo ya siku ishirini na nane.

Nikakabidhiwa Kundi Namba 4417, yaani Kufa na Kuzikana, Mtaa wa Gereji. Lilikuwa kundi la wanawake thelathini na wanane. Kazi yao ilikuwa moja: akifiwa mmoja, wengine wote wanakwenda na sufuria, kuni, visu na mikono yao, na mfiwa hawashi moto mpaka siku ya tatu. Admini alikuwa Bi Siwatu, muuza vitumbua. Nakala ya kitambulisho chake ilikuwa mezani kwangu, kwa hiyo nilijua kwamba ana miaka hamsini na saba na kwamba mpiga picha alimwambia asitabasamu.

*

Siku niliyoingizwa, simu zao zote ziliandika: Mgeni Rasmi 4417 ameongezwa. Kukawa kimya kwa dakika kumi. Wenzangu walinieleza kuwa katika makundi mengine huu ndio wakati ambao watu hujitoa, au huanza kutumiana habari za mvua. Nikasubiri na kalamu yangu.

Bi Siwatu akaandika: "Karibu mgeni wetu. Sisi ni watu wa misiba tu, usitarajie makubwa. Umeamkaje?"

Sikujibu. Jioni akaandika tena: "Mgeni, umeshindaje?" Sikujibu.

Hapo ndugu msomaji unayetoka nchi nyingine utauliza kuna shida gani. Shida ni kwamba kwetu mtu akikusalimu unaitika. Hata watu wanaogombania mpaka wa shamba huitikiana kwanza, wakaulizana na hali za watoto, ndipo matusi yaanze. Mtu asiyeitika salamu tunamhesabu kuwa ni mgonjwa, au ana msiba, au amelaaniwa.

Nyamizi ndiye aliyekuwa na sauti kubwa katika kundi. Yeye haandiki, anarekodi. "Jamani, huyu mgeni ana nini? Au hana bando?"

"Nyamizi, muache mtu," akaandika Bi Siwatu. "Labda kazini kwao hawaruhusiwi."

"Hawaruhusiwi kuitika salamu?"

"Serikali hiyo, mwenzangu."

Nikajaza fomu. Furaha, sifuri. Manung'uniko, sifuri. Kinyongo, hakuna.

Wiki ya tatu Bi Siwatu alikuja na lililonimaliza. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla hajawasha jiko lake la vitumbua, aliandika hivi: "Nimewaza sana habari ya mgeni wetu. Nadhani tumemkosea adabu. Namuuliza 'umeamkaje' kama rika langu, na kumbe pengine ni mtu mzima kwangu. Mtu anayepewa kazi ya kusoma watu hawezi kuwa kijana. Mgeni, utusamehe. Shikamoo."

Nilikuwa na miaka thelathini na mitano. Mama mwenye umri wa mama yangu amenipa shikamoo, na mimi nimekaa juu ya kiti cha serikali nikiitazama, siwezi hata kumwambia hapana mama, wewe ndiye mkubwa, nirudishie nikupe mimi. Masikio yalinipata moto. Nilitafuta katika fomu mahali pa kuandika aibu, sikupaona.

Aliendelea. Kila siku, saa kumi na mbili na nusu, "Mgeni wetu, shikamoo," miaka sita. Likizo zangu nilizitumia kutosikia salamu hiyo, na nikirudi nilizikuta zimenisubiri zote kwenye simu, ishirini na nane.

Wengine walinizoea. Nyamizi alirekodi siku moja akicheka: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wetu mwaka wa nne, hata mwiko hajashika!" Wakaniweka kwenye ratiba ya misiba. Kukuna nazi: Mgeni Rasmi. Pembeni yake Bi Siwatu akaandika: ana udhuru. Kila msiba niliwekwa kwenye nazi na kila msiba nikapewa udhuru. Mwaka wa tano niliugua malaria, nikalazwa. Siku ya pili wakagundua kwamba ujumbe wao haujasomwa. "Mgeni anaumwa," aliandika Bi Siwatu, "hajasoma toka Jumatano, na mwezi wake wa likizo bado." Yeye akaniombea dua na Nyamizi akasali rozari nzima. Ofisini kwangu waligundua siku ya tisa, wakaniletea barua ya onyo.

Nilichoka, nawaambieni kweli. Si kazi iliyonichosha, maana kazi ilikuwa kukaa. Kinachochosha ni kupendwa na watu unaowachunguza.

*

Mwaka wa sita ukaja Mtambo wa Kupima Hisia. Uliagizwa ng'ambo, ukashushwa kwa winchi, ukawekwa kwenye chumba chetu na kuelekezewa feni. Bwana Kalokola alituhutubia amesimama kando yake.

"Mtambo huu," alisema, "hauchoki, hauumwi, hauendi misibani na wala haunywi chai."

Tukaviangalia vikombe vyetu.

"Lakini msiwe na hofu. Utaalamu wake unahitaji uthibitisho wa binadamu. Mtambo ukisema jambo, ninyi mtathibitisha. Hivyo ndivyo tunavyolinda haki."

Mtambo ulikuwa na akili nyingi, ila ulifundishwa huko ulikotengenezwa. Nasikia huko mtu akifa anachukuliwa na kampuni, anazikwa baada ya wiki mbili, na waombolezaji hupewa biskuti. Basi juma lile lile akafariki mume wa mwanachama mmoja, fundi makochi pale Gereji. Bi Siwatu akaandika kama alivyoandika siku zote: "Kesho saa mbili wote kwa marehemu. Nyamizi sufuria kubwa mbili na kuni. Kila mtu aje na kisu chake, safari iliyopita visu havikutosha. Vijana waanze kuchimba mapema. Nataka tumalize kabla ya adhuhuri."

Mtambo uliwaka taa nyekundu. Mkusanyiko wenye silaha, asilimia tisini na saba. Nia ya kuchoma moto, themanini na nane. Uchimbaji wa mahandaki, tisini na moja. Kiongozi: mwanamke, mzoefu, ana wafuasi thelathini na saba, na kuna kumbukumbu za mikusanyiko sitini na moja iliyotangulia.

Nilikwenda mbio ofisini kwa Mkurugenzi. "Bwana Kalokola, huu ni msiba."

"Najua ni msiba, Lwitiko. Mimi mtoto wa wapi? Mama yangu tumemzika mwaka jana, nimekula pilau mpaka nikafungua mkanda."

"Basi tuandike kwamba mtambo umekosea."

Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. "Nikiandika kwamba umekosea, nitaulizwa nani aliupendekeza ununuliwe."

"Nani aliupendekeza?"

"Unaona? Umeshaanza wewe."

Nikarudi mezani. Fomu ya Uthibitisho ilikuwa na visanduku viwili. Cha kwanza kiliandikwa "Ndiyo". Cha pili kiliandikwa "Ndiyo, na nina ya kuongeza". Niligeuza karatasi nikatafuta cha tatu. Upande wa nyuma palikuwa na picha ya Waziri.

Sitaki kulizungusha hili. Hakuna aliyenishika mkono. Ilikuwa Alhamisi, saa tisa alasiri, chai ilikuwa imeletwa. Nilitia tiki kwenye "Ndiyo", nikanywa chai yangu, na ilikuwa na tangawizi.

*

Polisi walifika msibani Ijumaa, vitunguu vikiwa vinakaangwa. Walichukua visu arobaini na kimoja, sufuria mbili, majembe mawili ya kaburini, na Bi Siwatu akiwa bado ameshika mwiko. Mwiko nao ukawa kielelezo. Pilau lililokuwa tayari kwenye sufuria ya kwanza lilipotea likiwa njiani kuelekea kituoni, na askari waliolisindikiza hawakula chakula cha mchana siku hiyo.

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu niliishika simu. Hakuna salamu. Saa moja, hakuna. Saa mbili, hakuna. Miaka sita nilikuwa namwomba Mungu mama yule aache kuniamkia. Sasa ameacha, na nilikaa pale nikalia kama mtoto, bila emoji.

Kesi ilipangwa kusikilizwa kwa njia ya mtandao, maana mahakama zetu ni za kisasa. Mshtakiwa hukaa mbele ya kamera mahabusu na hakimu humwona kwenye kioo. Kwa bahati mbaya mtandao ulizimwa wiki hiyo ili kulinda utulivu wa kesi. Kesi ikaitwa mara ya kwanza. Hakimu akaangalia kioo cheusi akaandika: mshtakiwa hajaonekana. Ikaitwa mara ya pili, vivyo hivyo. Mara ya tatu mwendesha mashtaka akaomba liongezwe shitaka la kutoroka. Bi Siwatu muda wote huo alikuwa ghorofa ya chini ya jengo lile lile, na aliposikia jina lake linaitwa aliitika "Abee!" kwa nguvu, lakini kuitika kwa sauti hakukuwa kwenye mfumo.

Nyamizi na wenzake walikwenda kumtetea, wakakwama. Kwa Sheria ya Usafi wa Simu, ujumbe wa mwananchi hufutika wenyewe ukifikisha siku thelathini. Hakuna mwanachama aliyekuwa na hata neno moja la misiba iliyopita. Hakuna aliyeweza kuonyesha kwamba visu vile vimekuwa visu vya vitunguu tangu mwanzo.

Kisha mtandao ulifunguliwa kwa saa moja ili wananchi waone hotuba ya Waziri. Ndani ya saa hiyo Nyamizi akarekodi. Mara ya kwanza nilisikia sauti yake ikiwa ndogo.

"Mgeni, mie Nyamizi. Najua unasikia. Simu zetu zimefagiliwa, hatuna kitu. Maneno yetu yote unayo wewe. Unajua tumezika wangapi, unajua visu vilikata nini. Sikuombi utukane mtu. Njoo mahakamani useme vitunguu, basi, ukae chini. Bi Siwatu ana presha, mgeni. Dawa zake wamezizuia getini, wanasema mpaka daktari athibitishe kwa mtandao. Miguu imemvimba. Jana nimepenyeza chakula, nikamuuliza unataka nini kingine, unajua kasema nini? Kasema, niulizie kama mgeni ameamka salama, maana nimemwacha ghafla."

Niliisikiliza mara tatu. Wasomaji wenzangu walikuwa wamevaa vipokea sauti, kila mmoja kwenye kundi lake. Nikaandika, kwa mara ya kwanza katika miaka sita: "Shikamoo Bi Siwatu. Ni mimi mgeni. Vilikuwa vya vitunguu." Nikabonyeza.

Ikatoka tiki moja. Hotuba ilikuwa imekwisha, na mtandao umezimwa.

*

Siku nne ujumbe wangu ulikaa na tiki moja. Siku nne nilikuwa shujaa asiyejulikana hata na aliyemtetea, na ningeweza kuacha kuwa shujaa wakati wowote kwa kubonyeza "futa". Sitadanganya kwamba sikuweka kidole pale. Nilikiweka asubuhi, nikakiweka mchana, nikawaza pensheni yangu, nikakiondoa. Siku ya nne nikamwona mwenzangu anayesoma kundi la wauguzi amesimama kabatini anatafuta bunda jipya la Fomu za Uthibitisho. La kwanza lilikuwa limekwisha. Fomu mia mbili, na "ndiyo" mia mbili, kwa juma moja na siku kadhaa.

Nikafungua kabati langu. Nikatoa Fomu zangu za Hisia za miaka sita, kila moja na nakala ya maneno ya siku yake, nikazifunga kwa kamba ya katani, nikazibeba kichwani mpaka mahakamani, maana mikononi hazikutosha.

Kesi ilikuwa inaitwa kwa mara ya nne. Hakimu, mwanamke mnene mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri, alikuwa anakitazama kioo cheusi.

"Wewe ni nani?" akaniuliza.

"Msomaji wa Kundi Namba 4417, mheshimiwa. Tiki iliyo kwenye hati ya mashtaka ni yangu. Vilikuwa visu vya vitunguu. Nina misiba sitini na moja hapa, na yote ina vitunguu."

Mwendesha mashtaka aliruka. "Pingamizi, mheshimiwa! Kifungu cha Kumi na Nne. Msomaji si mtu, ni hatua ya kiufundi. Hatua ya kiufundi haiwezi kutoa ushahidi."

Hakimu alikishika kichwa chake. "Kama si mtu, tiki hii imetiwa na nani? Sheria inataka uthibitisho wa binadamu."

Mwendesha mashtaka akafungua kitabu, akakifunga. "Basi ni mtu, mheshimiwa."

"Kama ni mtu, ushahidi wake naupokea."

"Basi si mtu."

"Bwana wakili, chagua. Nina kesi mia mbili za namna hii."

Mwendesha mashtaka hakuchagua. Hakimu akaandika kwa muda mrefu, halafu akasoma hukumu bila kuinua macho. "Mahakama inaona kwamba Msomaji alipokuwa anatia tiki hakuwa mtu. Kwa hiyo mashtaka hayana uthibitisho wa binadamu, na mshtakiwa aachiwe huru. Mahakama inaona pia kwamba alipoingia humu akafungua mdomo amekuwa mtu. Kwa hiyo akamatwe kwa kuvunja kiapo."

Akaninong'oneza wakati askari wananifunga pingu: "Mimi pia niko kwenye kundi la kuzikana. Sisi ni namba elfu mbili na sita."

Bi Siwatu hakutoka siku hiyo, kwa kuwa hati ya kumwachia ilitakiwa itumwe kwa mtandao kutoka ghorofa ya pili kwenda ya chini. Alitoka baada ya siku mbili, mtandao uliporudi. Nasikia alipowasha simu yake getini, ujumbe wangu ndio ulioingia wa kwanza.

*

Jumapili ya kutembelewa walikuja wote thelathini na wanane. Sheria inaruhusu watano kwa wakati mmoja, wakaingia watano. Nyamizi nilimtambua kabla hajafika, kwa sauti. Mbele yake alikuwa mama mfupi, kandambili zimemkaba miguu iliyovimba, mkono mmoja kikapu cha vitumbua. Alisimama mbele ya wavu akachungulia nyuma yangu.

"Yuko wapi mgeni?"

"Ni mimi, mama," nikasema. "Shikamoo."

Alinitazama kuanzia juu mpaka chini, halafu akarudia.

"Nyamizi," alisema, "mbona ni mtoto?"

Nyamizi alicheka mpaka akashika wavu, na askari akaandika kitu kwenye daftari. Bi Siwatu hakucheka. Aliweka kikapu chini, akauweka mkono wake juu ya wavu mahali ulipokuwa wangu.

"Marahaba," alisema. "Marahaba, mwanangu. Miaka sita namwamkia mtoto, Mungu wangu."

Sikuweza kumwacha aendelee hivyo. "Mama, ile tiki ya kukukamata niliitia mimi."

"Najua."

"Nani kakwambia?"

"Nani mwingine alikuwepo humo ndani? Nyamizi?"

"Basi mbona umekuja?"

Aliitazama miguu yake. Alikuwa amekasirika, niliona, na alikuwa na haki. "Sijasema sikuumia," alisema mwishowe. "Nimeumia, na hii miguu ni yako. Lakini umekaa na sisi miaka sita, umesikia wafu wetu wote. Ukifa humo leo, nani atakuzika? Mtambo?" Akakiokota kikapu chake. "Siku utakayotoka unakuja Gereji kukuna nazi. Za misiba yote sitini na moja. Udhuru umekwisha."

Askari akatangaza muda umekwisha. Vitumbua vilikaguliwa kimoja kimoja, vikanifikia vitatu.

Kesi yangu itasikilizwa kwa mtandao. Nasubiri urudi. Wakati nasubiri nimepewa karatasi na kuambiwa niandike maelezo yangu, na ndiyo haya. Nimeambiwa pia kwamba hayatamfikia mtu yeyote kabla ya kupita kwenye ule mtambo, na kwamba mtambo utahitaji uthibitisho wa binadamu, kwa hiyo kuna mtu ameajiriwa mahali pangu na ndiye atakayesoma kwanza.

Ndugu yangu, nakijua kiti ulichokalia. Mguu wake wa nyuma unayumba, uwekee karatasi. Chai ikija, inywe kabla haijapoa. Sina la kukuomba. Ila tumekuwa pamoja tangu ukurasa wa kwanza nami sijakusalimu, na umri wako siujui. Nisije nikakukosea adabu.

Shikamoo.